Jina Ninalolisema Bila Mdomo

Kabange, mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na Papa yako ameshuka bandarini kuuliza boti ya Kigoma itaondoka saa ngapi kweli, maana wamesema asubuhi na sisi tunazijua asubuhi zao. Nimebaki na sanduku lako. Nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Mambo ya pasipoti, ya dawa ya tumbo, ya nguo za baridi, ya mtu wa kusema naye njiani na mtu wa kumwepuka, Papa yako ameshayarudia mpaka umecheka. Mimi sitayaandika. Nataka kukuandikia juu ya woga wangu, kwa sababu umeuona uso wangu siku hizi na umenyamaza kwa heshima, na sitaki uvuke ziwa ukifikiri Mama amekasirika.

Sijakasirika, mwanangu. Naogopa.

Jumapili nje ya kanisa Mama Jeanine alinishika mkono mbele ya mama wote. Unaijua sauti yake, akinong'ona wanasikia mpaka sokoni.

"Mama Kabange, sasa ule mutoto anaenda kusoma nini kule Inde?"

"Kisanskriti," nikamwambia.

"Njo ugonjwa gani huo?"

"Si ugonjwa. Ni luga. Luga ya zamani ya Wahindi."

"Wanaongea nayo sokoni?"

"Hapana. Wanasali nayo."

"Eee! Batoto ya wengine wanavuka maji kusomea udaktari, weye mwako anavuka kusomea sala za wenyewe? Sala zetu zimeisha kwenye sakristia?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini kwa meno tu. Mama Jeanine anafikiri naogopa kwamba maneno yale ni ya uongo. Kama ningeyaona ya uongo ningelala vizuri. Mtu haogopi ngoma isiyo na ngozi. Mimi naogopa kwa sababu nayaamini. Naamini kwamba sauti inaweza kuleta kitu. Niliamini hivyo kabla sijamjua Ba, yule bibi wa Kihindi niliyempikia, kabla sijasikia neno moja la Kihindi, na nitakueleza ni kwa nini, ingawa nusu yake umeijua tangu zamani bila kuambiwa.

Jina lako lenyewe linakusema. Kwetu Kongolo mtu akisikia Kabange, anauliza pale pale: na mwenzako yuko wapi? Kwa sababu Kabange ni jina la pasa wa pili, yule pacha anayezaliwa nyuma, na hakuna wa pili bila wa kwanza. Uliniuliza siku moja, ulikuwa umeanza shule, mwalimu mmoja Mluba alikuwa amekuuliza swali lile. Nilikuwa nachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Sikukujibu. Ulingoja kidogo, ukachukua kapu, ukaanza kuchambua na mimi, na hukuuliza tena mpaka leo. Nimekushukuru kwa hilo na nimejilaumu kwa hilo.

Jina la ndugu yako sitaliandika hapa juu. Mkono unakataa. Nitajaribu mwishoni, tutaona.

Mlikuwa mnaanza kusimama kwa kushika ukuta. Homa iliwashika wote wawili, wewe ukaachiwa, yeye hapana. Tulimzika. Kwetu pasa akifa hatusemi amekufa, na jina lake haliachwi: anayekuja nyumbani anasalimia wote wawili kama zamani, chakula kinatengwa na kipande cha mwenzako, na mama yao anabaki Mama Mapasa mpaka siku atakapozikwa yeye. Ndivyo nilivyolelewa. Ndivyo nilivyotaka kufanya. Asubuhi moja, msiba ulikuwa umekwisha na watu wametawanyika, nilipika uji, nikasimama mlangoni pa jiko, nikaita kwa sauti majina yote mawili, mukuje mule, kama nilivyozoea. Niliita kwa furaha, mwanangu. Kwa kitambo kile nilikuwa nimesahau. Ukaja wewe, ukitambaa.

Jioni ile mwili wako ukawa moto.

Daktari alisema ni malaria, na mimi nilijua ni malaria. Alikutundikia maji, ukapona. Lakini pale kando ya kitanda chako masikio yangu yalikuwa yanasikia sauti yangu mwenyewe ikiita mlangoni, na nikasema moyoni: amesikia akiitwa, amekuja, na amekuta mwenzake. Nikafunga mdomo. Nikamwambia Papa yako jina lile lisitajwe tena katika nyumba hii. Nikawaambia majirani waniite Mama Kabange, na atakayesema Mama Mapasa sitamwitikia. Papa yako alinitazama, akachukua kofia yake, akatoka. Hakubishana. Yeye ni mtu wa kutengeneza mashine za boti, anaamini kitu kikikwama unakiacha kipoe kwanza.

Aliyebishana ni Kaku yako, mama yangu. Alikuja na treni kutoka Kongolo, na kapu la karanga na kuku wa kukupa. Aliweka kapu chini, akapiga makofi ya heshima, akawasalimia wote wawili kwa majina, kwa sauti ya kwao, sauti ya kuamsha kijiji. Nilimrukia kama mtu anayezima moto.

"Mama, hapa hatutaji!"

"Hamutaji nini?"

"Jina lile. Litamuchukua na huyu."

"Sasa unataka nisalimie nusu ya mutoto?"

Alikaa siku mbili tatu, hakukuita kwa jina lolote, alikuita "weye" tu, akakubeba mgongoni, akarudi kwao. Mimi sikukupeleka Kongolo hata mara moja, kwa kuogopa mdomo wake. Kila likizo nilipata sababu: treni imeharibika, minerval ya shule haijalipwa, njia si nzuri. Nyingine zilikuwa kweli. Kaku akafa, na wewe hujui alikuwa anacheka namna gani. Alikuwa anacheka akishika magoti. Ukijikuta kule ugenini unacheka hivyo, ujue umetoa wapi.

Basi huyo ndiye mtu aliyekwenda kupika kwa Ba. Mwanamke aliyefunga mdomo.

Unakumbuka nyumba ile, juu ya duka la mwanawe la vitenge na sufuria. Unakumbuka harufu ya samli kwenye taa yake ndogo asubuhi na jioni. Ba alizaliwa Kigoma, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na alikuwa ananicheka nikisema mutoto. Nilikuwa nakuacha kwenye baraza yake na mwanasesere wako wa kitambaa, nikiingia jikoni. Sikujua mnafanya nini kule nje mpaka siku nilipokuwa nakanda unga na nikasikia sauti ndogo, ndefu, iliyonyooka kama uzi. Ilianza wazi, ikaviringika, ikaisha kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nikafikiri ni Ba. Nikachungulia. Ilikuwa wewe, umefumba macho.

Nilitoka na unga mikononi.

"Ba, unamufundisha mutoto wangu kuita nani?"

"Simfundishi kuita," akasema. "Namfundisha kufungua mdomo na kuufunga. Kaa."

"Siwezi kukaa, nina unga."

"Basi simama na unga wako usikilize."

Akanieleza kwa utaratibu, akijishika koo kwa kidole. Sauti ile Om inaanzia nyuma kabisa, pale koo linapofunguka, A. Inapita juu ya ulimi, U. Inaishia kwenye midomo iliyofungwa, M. Kila neno ambalo mtu anaweza kulisema, la kwake, la kwangu, la Kiluba, la Kifaransa, linazaliwa mahali fulani kati ya koo na midomo, kwa hiyo mtu akisema sauti ile amepita kwenye nyumba ya maneno yote, mlango mpaka mlango. "Na ikiisha," akasema, "kile kimya kinachobaki nacho ni sehemu yake. Watu wanakikimbia. Usikikimbie."

Nikamwuliza kama ni jina la mungu wao. Akaninyooshea kidole jikoni.

"Mama Kabange, ile karatasi kwenye mkebe wa nyanya inakwambia ndani mna nyanya. Ukiichana, nyanya zipo. Wewe unafikiri jina ni karatasi. Kwetu, maneno haya ya sala si karatasi. Sauti ndiyo mlango wa kitu chenyewe. Ukiitamka sawasawa, kitu kipo hapa."

Yeye alifikiri ananifundisha jambo geni, kumbe ananirudishia lile nililokuwa nalikimbia. Nilirudi jikoni na chapati zote siku ile ziliungua.

Nilikwenda kwa Padri. Nilimweleza yote, isipokuwa juu ya ndugu yako. Alinisikiliza akichezea kalamu, mwishoni akasema, "Luga haibatizwi, Mama. Watu njo wanabatizwa. Mutoto wako amebatizwa?" Nikasema ndiyo. "Basi." Na akanikumbusha kwamba hata sisi tunaamini mwanzo kulikuwa na Neno. Alisema ili nitulie. Sikutulia. Nilitoka nikijiambia: kama na kwetu ni hivyo, basi hakuna mahali pa kujificha.

Lakini nilikuacha uendelee, na sijui kama nilikuacha kwa hekima au kwa sababu nilikuwa napenda kukusikia. Nakuambia ukweli, nilikuwa nazima jiko ili nikusikie. Nilikuwa napenda mwisho wa sala, pale mnaposema shanti, shanti, shanti. Nilimwuliza Ba kwa nini mara tatu, je, huyo mungu ana usingizi? Alicheka mpaka meno yake ya bandia yakacheza. Akasema ni amani tatu. Ya kwanza, amani na vinavyotoka juu, tufani, radi, mafuriko. Ya pili, amani na vilivyo karibu, watu na nyoka na magonjwa. Ya tatu inasemwa polepole kuliko zote, ni amani na wewe mwenyewe. Tangu siku ile nikimaliza rozari yangu nakaa kidogo nikitafuta ile ya tatu. Sijaipata. Lakini najua sasa kwamba inatafutwa.

Sasa nikuambie hasa kinachonitia hofu juu ya safari yako. Ba alisema kule wanafunzi wanarudia maneno mbele na nyuma, mbili mbili, wakipandisha na kushusha mkono, ili isipotee hata sauti moja, kwa sababu ukiinua sauti mahali pa kushusha, sala inaweza kumgeukia anayesali. Wewe ulifurahi kusikia hivyo. Macho yako yaling'aa kama ya mtu aliyeonyeshwa mto mpana na kuambiwa avuke. Mimi ninajua sauti moja iliyosemwa asubuhi kwa furaha inaweza kufika wapi jioni. Nikamwuliza Ba mbele yako, na mtoto akikosea je? Akasema, "Mtoto akiomba maji akasema maa, wewe unampa nini?" Nikasema maji. "Basi." Ba na Padri hawakukutana hata siku moja, lakini walikuwa na "basi" moja.

Halafu Ba akaanza kuugua. Wewe ulikuwa kidato cha mwisho, na mitihani, hukuwa unakuja kila siku, kwa hiyo haya hukuyaona. Sauti yake ilikwisha kwanza. Asubuhi alikuwa anasogeza midomo tu mbele ya taa. Baadaye midomo nayo ikaacha. Nilimwonea huruma, nikamwambia, Ba, pumzika, leo usisali. Akanionyesha kwa mkono nisogee. Niliweka sikio karibu na mdomo wake.

"Nasali," akasema. "Sasa ndiyo nasali kabisa."

Akanieleza kwa pumzi, maneno machache machache. Kuna namna tatu za kusema maneno matakatifu. Kwa sauti, na hiyo ni nzuri. Kwa kunong'ona, na hiyo ina nguvu zaidi. Na moyoni, ulimi umelala, hakuna anayesikia, na hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Nilisimama pale na beseni la maji mkononi. Kabange, mimi nilikuwa nimefunga mdomo. Moyo sikuufunga. Tangu siku ile ya uji, hakuna asubuhi hata moja ambayo sikumwita. Nikitenga chakula chako namwita. Nikikusuka nywele namwita. Ulipopata komunyo ya kwanza nilimwita, ulipoanza sekondari nilimwita. Nilidhani nakulinda kwa kunyamaza, kumbe kwa hesabu ya Ba nilikuwa nimemwita maisha yako yote kwa namna kali kuliko zote.

Niliweka beseni chini. Sikumuaga. Nilishuka ngazi za duka nikikimbia, mama mzima, kandambili moja ikabaki njiani, watu wa soko wakaniuliza, Mama, kumetokea nini, moto? Nilipanda kilima chetu nikiona mbele yangu tu umelala na mwili wa moto. Nikafungua mlango. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unakula muhogo na ndagala, kitabu kwenye magoti, mafuta mpaka kidevuni.

"Mama, unakimbia nini?"

"Nimesahau chumvi," nikakuambia.

"Chumvi ya wapi? Na kiatu umesahau vilevile?"

Ukacheka. Ukashika magoti yako ukicheka, kama Kaku. Nikakaa chini hapo mlangoni, nikalia, ukafikiri ni kwa ajili ya Ba. Ilikuwa kwa ajili ya Ba pia, maana hakuinuka tena.

Tangu siku ile nafikiri jambo moja polepole, kwa sababu mimi sikusoma sana na fikra zangu zinatembea kwa miguu. Kama jina lake lilikuwa la kukuchukua, lingekuwa limekuchukua zamani. Nimelisema kila siku na wewe ukarefuka, ukapata sauti ambayo mwalimu yule wa Inde, mtoto wa ndugu yake Ba, alipoisikia kwenye simu aliomba urudie. Pengine alikuwa anakuja kila nilipomwita. Pengine alikuwa anakaa nawe, na mimi nilikuwa namwogopa mtoto wangu mwenyewe. Nikifika hapo siwezi kuendelea. Namwogopa mtoto wangu mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu, si lingine.

Hofu haijatoka. Sitakudanganya kwenye karatasi. Nahofia ziwa kesho. Nahofia ndege. Nahofia kwamba utakaa kati ya maneno yao mpaka siku moja rozari niliyoweka kwenye mfuko wa pembeni ionekane kwako kama shanga tu. Sikuambii usiyaseme maneno yale. Umepewa ulimi wa kuyasema na si mimi niliyekupa. Nakuomba tu, kabla hujafungua mdomo, ujue unamsemesha nani. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa nahubiri, na mhubiri tunaye kanisani.

Lakini ile hofu kubwa kuliko zote ni hii: kule hakuna atakayeuliza mwenzako yuko wapi. Watakuita Kabange kama ni jina la mtu mmoja. Watakuita nusu, kama mimi. Na kwetu pasa hasafiri bila wote wawili kuitwa njiani. Kaku angekuwa hai angeita kesho mpaka mabaharia wakimbie. Hayupo. Nimebaki mimi.

Barua hii nitaiweka chini ya karanga zako za njiani, utaikuta milima yetu bado inaonekana. Kwa hiyo utakapoisoma utakuwa umeshajua jambo ambalo mimi sasa sijui, kama niliweza au sikuweza. Nimejaribu hapa ndani, mlango umefungwa. Nilifungua koo, hewa ikatoka, jina likabaki. Nikajaribu kunong'ona. Likatoka. Taa haikuzimika. Kuku aliendelea kudonoa uani.

Kesho kamba ikifunguliwa nitajaribu kwa sauti. Kama umemsikia mama mmoja bandarini akiita majina mawili, na watu kwenye boti wakigeuka kutafuta mtoto wa pili, ilikuwa mimi. Usigeuke kutafuta na wewe. Itika, na uitike kwa ajili ya mwenzako pia, kwa sauti ile aliyokufundisha Ba, ili ifike. Na kama umesikia jina moja tu, ujue koo lilinishinda, na unisamehe, na usome hapa chini, kwa sauti, ukiwa juu ya maji, mimi nitakuwa nalisema huku bila mdomo.

Nasikia viatu vya Papa yako njiani. Na wewe nasikia unacheka naye.

Kyungu na Kabange, wanangu, Mungu awashike mkono wote wawili.

Mama yenu,
Mama Mapasa